Kopo la maziwa na koni ya hina: kupamba vyombo vilivyomaliza kazi

Kopo langu la kwanza lilidumu siku nne. Nililipaka puti ya ukutani, nikalichora kwa uma, nikalimalizia kwa rangi ya samawati na kuliweka sebuleni pale ambapo mgeni hawezi kulikosa. Siku ya nne mtoto wa jirani akaliinua tu, na ganda lote la puti likabanduka zima zima kama gamba la nyoka. Ganda likabaki kiganjani mwake, kopo likadondoka sakafuni na maandishi yake ya maziwa yanasomeka vizuri kabisa. Mtoto akaangua kilio akidhani ameharibu. Maskini, hakuharibu yeye. Mimi ndiye niliyepaka puti juu ya bati lenye mafuta, tena bila kulipiga msasa.

Naanza na aibu hiyo makusudi. Wengi wanaoniuliza kuhusu kazi hii wanataka nianzie kwenye ua na dhahabu, nami huwaambia kwamba nusu ya kazi ni kuosha na kusugua, robo ni kusubiri, na kinachobaki ndicho uchoraji. Nitaeleza kopo moja kwa kirefu, kwa sababu ukiliweza hilo, chupa na sinia havitakusumbua.

Chombo gani kinafaa

Kopo la maziwa ya unga ndilo zuri kuliko yote kwa anayeanza. Ni gumu, limenyooka, na mdomo wake hutosha miiko ya jikoni. Chupa za sharubati na mitungi ya jemu nayo inafaa. Chupa laini za plastiki, zile zinazobonyea ukizishika, ziache: kila zikibonyea, puti inapata ufa.

Kuna vitu usivichukue hata kama umbo lake linakuvutia. Kopo la kupuliza dawa ya mbu hubaki na gesi ndani hata likionekana tupu. Vyombo vya dawa za shambani usiviingize nyumbani kwa sababu yoyote ile. Na kama umepata bati au fremu ya zamani yenye rangi ya miaka mingi, usiisugue ikiwa kavu, maana rangi za kale nyingi zilikuwa na madini ya risasi na vumbi lake ni sumu, hasa kwa watoto. Ukilazimika, sugua kwa msasa wa maji huku umeilowesha, na watoto wawe mbali.

Vifaa

Huna haja ya duka la wasanii. Nenda hadiwea ununue gundi nyeupe ya mbao, ile ya mafundi seremala. Puti ya unga ya ukutani, ambayo maduka mengine hukupimia kidogo kidogo. Rangi ya maji nyeupe. Kopo dogo la redoksaidi, yaani ile rangi nyekundu iliyofifia ambayo mafundi wa mageti hupaka kabla ya rangi yenyewe. Msasa namba 120 na namba 220. Brashi ya inchi moja. Na vanishi ya maji. Spanji ya vyombo iliyochakaa unayo. Uma wa zamani unao.

Ile rangi nzito yenye chembechembe ambayo mafundi wa nyumba wanaiita teksicha ni nzuri kwa vyungu vikubwa vya maua. Kwenye kopo dogo chembe zake ni kubwa mno, na chombo huishia kufanana na kipande cha ukuta kilichobomolewa. Mimi hujitengenezea yangu, na huko chini nimeeleza namna yake.

Kuosha, na kipimo cha jani la mgomba

Loweka kopo kwenye maji moto yenye sabuni mpaka karatasi ilainike. Gundi ya lebo iliyobaki ipake mafuta ya kupikia yaliyochanganywa na jivu, uiache nusu saa, kisha sugua kwa stili waya. Osha tena kwa sabuni ili hayo mafuta nayo yatoke. Hapo ndipo nilipokosea mara ya kwanza: niliona kopo linang'aa nikadhani ni safi.

Sasa pima. Mwagia kopo maji kidogo ulitazame kwa ubavu. Maji yakijikusanya matone matone na kuteleza kama kwenye jani la mgomba, mafuta bado yapo. Yakitandaa na kulilowesha bati lote, umemaliza. Kama bado, rudia sabuni, halafu likishakauka lifute kwa kitambaa chenye spiriti. Toka hapo usilishike kwa vidole upande wa nje. Litie mkono ndani ulibebe kama kikaragosi.

Chunguza na mdomo wake. Ukingo uliokatwa kwa kifungulia kopo hukata kidole kama wembe. Bana meno yaliyosimama kwa plaizi, gonga taratibu kwa nyundo, halafu pitisha msasa.

Msasa na redoksaidi

Sugua kopo lote kwa msasa namba 120 mpaka mng'ao ufe. Hutafuti kulainisha hapa. Unataka mikwaruzo ambayo puti itang'ang'ania. Futa vumbi, kisha paka redoksaidi nyembamba ndani ya ukingo na nje kote.

Kuna wanaoruka hatua hii wakisema kopo litafunikwa hata hivyo. Sisi wa Tanga, na mtu yeyote anayeishi karibu na bahari, hatuwezi kuiruka. Puti na gundi zina maji, na hewa yetu ina chumvi, kwa hiyo kutu huanzia chini chini na baada ya miezi michache unaona doa la kahawia likipenya katikati ya ua jeupe. Acha redoksaidi ikauke mpaka kesho yake, halafu ipitishie msasa namba 220 kidogo tu, kwa kuwa ni rangi ya mafuta, na kitu cha maji hakishiki juu ya mafuta yanayoteleza.

Chupa na mitungi ya kioo haina kutu, basi redoksaidi haihitajiki. Changanya gundi na rangi ya maji nyeupe sawa kwa sawa, paka mkono mmoja mwembamba, yaani tabaka moja, uache ilale.

Kuchanganya puti

Kipimo changu ni vijiko vitatu vya puti, kijiko kimoja na nusu cha gundi, na kijiko kimoja cha rangi ya maji. Gundi ndiyo siri yenyewe. Puti peke yake ikikauka ni kavu na inavunjika. Gundi huipa unyumbufu kidogo, kwa hiyo kopo likigongwa pambo halipukutiki.

Chekecha puti kwanza. Kwa kazi ya uma au spanji chujio la chai linatosha, lakini kwa koni tumia soksi ya nailoni ya kike, kama wachoraji wanavyochekecha hina. Chembe moja tu ikiziba tundu, mstari utapasuka. Jifunge kitambaa puani wakati wa kuchekecha. Kisha mimina gundi na rangi, koroga bila pupa ili usiingize mapovu, na ongeza maji tone kwa tone. Kwa kuchora kwa uma unataka uzito wa siagi. Kwa koni, uzito wa hina iliyokwisha kulala: ukiinua kijiko, uzi unashuka bila kukatika, na ukidondoka juu ya wenzake unabaki umesimama kidogo kabla ya kuzama.

Changanya kidogo kidogo, kiasi cha kutumia kwa saa moja. Ukikosa puti ukatumia jasi, punguza zaidi, maana jasi huweza kuganda bakulini ndani ya nusu saa na haikurudishii hata kijiko.

Unga wa ngano? Najua, tuliutumia shuleni kubandikia karatasi. Kwenye unyevu wa pwani unaota ukungu, na mende wanaukaribisha kama futari.

Koni

Hapa ndipo kazi yangu ilipobadilika, na sikufundishwa na fundi rangi. Nilifundishwa na shangazi yangu, ambaye amechora maharusi wengi kuliko ninavyoweza kuhesabu.

Chukua karatasi ya nailoni inayong'aa, ile wanayofungia maua. Kata pembetatu yenye ubavu wa kama sentimita 20, izungushe iwe koni yenye ncha iliyofungika kabisa, bandika selotepu kutoka juu mpaka karibu na ncha. Jaza puti hadi nusu, usizidishe. Kunja juu mara mbili kama dawa ya meno inayokaribia kwisha, funga kwa selotepu. Toboa ncha kwa pini. Tundu likiwa dogo utalipanua. Likiwa kubwa huna la kufanya. Ukipumzika, chomeka pini hiyo hiyo kwenye tundu ili lisikauke.

Jaribu kwanza kwenye sahani. Mistari yangu ya mwanzo ilikuwa imelala bapa, imechanika pembeni. Shangazi alinitazama muda, ndipo akauliza:

"Mwanangu, unaandika barua?"

"Hapana, shangazi."

"Mbona unakandamiza? Nyanyua mkono. Hina haiandikwi, inaangushwa."

Ndivyo ilivyo. Ncha haigusi chombo. Inakaa juu yake kama unene wa kidole kidogo, unabana koni kwa nguvu isiyobadilika, uzi unatoka na kushuka wenyewe, na wewe unauongoza tu unapoangukia. Ukitaka kumaliza mstari, acha kubana kwanza, ndipo uguse na kunyanyua. Ukinyanyua huku bado unabana, utaacha mkia.

Kugawa kopo na kuchora

Pima mzunguko kwa futi ya fundi cherehani. Langu lilikuwa na sentimita 31 na ushee, nikaligawa mara sita kwa penseli, kila sehemu sentimita tano na kidogo. Usichore kwa kukisia. Ua la mwisho litakutana na la kwanza yakabanana, na huko ndiko kila jicho litakakoangukia.

Nakshi nazoiga mimi ni za zidaka, vile vidaka vya chokaa vilivyochongwa kwenye kuta za nyumba za mawe za Lamu, ambamo watu walipanga vyombo vya kaure. Chokaa ile ilitokana na matumbawe yaliyochomwa, ikapakwa ukutani na kuchongwa. Kwa macho ya mtu wa puti, hakuna mfano mzuri zaidi: weupe mtupu, na uzuri wote unatokana na kivuli kinachoingia mashimoni. Kwenye kila sehemu nachora tao moja, ndani yake yungiyungi la petali nane, na chini kabisa naliviringishia kopo mnyororo, kama ule unaouona kwenye fremu za milango ya Zanzibar.

Kopo la duara linaviringika, na ukilishika kwa mkono wa pili utaharibu ulichochora. Tengeneza kata kwa kanga kuukuu, kama ile ya kubebea ndoo kichwani, ulilaze juu yake. Chora sehemu mbili zilizo juu, subiri saa mbili mpaka zishike, kisha geuza. Kopo zima linachukua mchana mmoja, nami huwa napikia katikati.

Kosa likitokea usilifute kwa kidole. Likiwa bichi, lichokonoe kwa kijiti cha meno chenye maji. Likikauka, likwangue kwa ncha ya kisu.

Kukausha

Kivulini, penye upepo. Si juani. Jua la saa sita hukausha ngozi ya juu wakati ndani bado kuna maji, na maji hayo yakitafuta njia ya kutoka yanapasua mistari. Kwa siku za kawaida saa 24 zinatosha kwa mistari ya koni. Puti nene ya uma ipe siku mbili. Wakati wa masika zidisha mara mbili bila kujadiliana na nafsi yako.

Kipimo ni shavu. Ligusishe kopo shavuni: likiwa la baridi kuliko chumba, maji bado yanatoka.

Rangi

Paka rangi ya maji ya krimu mikono miwili, ukisukuma brashi hadi kwenye pembe zote. Ikikauka, chukua rangi ya kahawia kijiko kimoja na maji vijiko vitatu, ipake sehemu moja tu kwa wakati, halafu hapo hapo ifute kwa kitambaa kinyevu. Juu kunabaki krimu, kahawia inabaki imejificha kwenye mifereji. Kopo la asubuhi linakuwa na umri wa bibi yako. Ukichelewa kufuta hata dakika chache utabaki na kopo la kahawia, kwa hiyo usipokee simu.

Njia ya pili ni kinyume chake: paka rangi nzito, samawati ya usiku au kijani cha chupa, halafu chovya brashi kidogo mno kwenye rangi ya dhahabu, ifute kwenye gazeti mpaka uone kama imekwisha, ndipo upitishe juu juu ya nakshi. Dhahabu itashika migongo ya mistari peke yake. Wanaoanza hutia dhahabu nyingi. Punguza, kisha punguza tena.

Wapo wanaopenda mng'ao wa rangi ya mafuta, na wana hoja. Edward Saidi Tingatinga alipoanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 alitumia rangi ya mafuta ya baiskeli juu ya vipande vya mbao za dari, na mng'ao ule ndio uliobaki alama ya shule nzima iliyochukua jina lake. Shika tu mpangilio: mafuta juu ya maji yaliyokauka, sawa, maji juu ya mafuta bila msasa, yatabanduka.

Vanishi ya maji mikono miwili, saa chache katikati. Vanishi ya mafuta ni imara lakini weupe wake hugeuka njano kadiri muda unavyopita. Kwa zidaka nyeupe sitaki hiyo.

Vingine, kwa kifupi

Chupa naivika karatasi ya chooni. Pakaa gundi iliyotiwa maji kidogo, bandika karatasi iliyofinyangwa, sukuma mikunjo kwa brashi mpaka ionekane ngozi ya zamani. Ikikauka paka rangi nyeusi, kisha pitisha rangi ya shaba kwa brashi kavu. Shingoni zungushia kamba ya katani. Hapa Tanga mkonge ni kama jina la ukoo: Mjerumani Richard Hindorf aliuleta mwaka 1893, na inasimuliwa kwamba miche iliyofika hai ilikuwa 62 tu. Choma vinyweleo vya kamba kwa kiberiti kabla ya kuifunga, mbali na spiriti na vanishi.

Maganda ya mayai ni kwa sinia na fremu. Yaoshe, toa ule utando wa ndani wote, maana ndio unaonuka. Bandika kipande kikubwa juu ya gundi, kikandamize kwa kidole kipasuke kilipo, na uzisogeze nyufa kwa kijiti. Msingi uwe mweusi.

Rangi ya kupasuka inawashangaza watu, na ni rahisi. Juu ya rangi iliyokolea, ikishakauka, paka gundi ya mbao. Subiri mpaka inate kidoleni bila kutoka na kidole. Hapo paka rangi ya maji iliyofifia kwa mpigo mmoja tu, usirudi nyuma. Baada ya dakika chache inaanza kujipasua yenyewe mbele ya macho yako. Gundi nene inatoa nyufa pana, nyembamba inatoa nyufa za nywele. Ukirudishia brashi umeiua.

Na vipande vya kanga kuukuu: vibandike kwa gundi, paka nyingine juu, zungushia nakshi ya koni pembezoni. Ukitumia kipande chenye jina la kanga, lisome mara mbili kabla ya kulipeleka kopo kwa mama mkwe.

Michanga ya ufukweni inatoa umbile zuri ikichanganywa na rangi, ila ioshe kwa maji baridi mara tatu au nne. Chumvi iliyobaki huvuta unyevu, rangi inavimba.

Matumizi na marekebisho

Chombo hiki ni cha miiko, kalamu, maua ya karatasi, au maua mabichi ukiweka glasi ya maji ndani yake. Usikitumie kunywea wala kuwekea chakula kisichofungwa. Kifute kwa kitambaa kinyevu. Usikiloweke kwenye beseni, maana gundi ya mbao ikikaa majini inageuka nyeupe na kulainika.

Nakshi ikimeguka, usibandue lote. Kwangua kingo zilizolegea, pitisha msasa, gusisha gundi kidogo, kisha rudishia mstari kwa koni. Ukikauka, krimu, kahawia, kitambaa, vanishi. Kopo lililo jikoni kwangu sasa lina viraka vitatu vya namna hiyo. Viwili aliviziba yule mtoto wa jirani, ambaye siku hizi yuko darasa la tano na ana mkono mwepesi kuliko wangu.